Mukono wa Picha

Juma Pili moja ya mwaka wa 1956, Mukandayisenga alitoka misa ya Lushebere akakuta bantu wamejaa mbele ya duka, wanacheka. Walipomuona wakamupisha njia.

Pa ukuta kulikuwa picha kubwa ya kutangaza siagi ya Bwana Gustave, Muzungu mwenye kuiuza. Mwanamuke amekaa chini ya ngombe, anakamua, anacheka. Sura ni yake, hata pengo la meno.

“Dada, siku hizi unamukamulia bwana wako Straton?” mutu mumoja akamuuliza. “Yeye anabeba mutoto ku mugongo?”

Kweli alikaa mbele ya muchoraji wa ile picha, lakini alikaa na kisabo, kile kibuyu cha kusukia maziwa, kazi ya mwanamuke. Kukamua ni kwa mwanaume. Mwanamuke akigusa chuchu ya ngombe, walisema, maziwa yanakauka. Na Bihogo, ngombe yao, tangu juzi maziwa yake ilikuwa inapunguka. Kwa jambo kama lile bibi anarudishwa kwao.

Akaenda mbio kwa Bwana Gustave.

“Ondoa ile picha.”

“Mbona uko muzuri, mama. Kwetu banawake njo banakamua. Bantu wenye kununua siagi wanapenda kuona mwanamuke chini ya ngombe.”

“Uliniona mimi nakamua?”

“Ni picha tu.”

“Basi weka bibi yako.”

Bwana Gustave akacheka, akafunga mulango. Picha ikabaki.

Magaribi, Kamaliza, mama mukwe, alikuwa amekaa pa mulango. Habari ilishamufikia. Chombo cha kukamulia, ambacho bibi anamupatiaka bwana wake mukononi, yeye alikiweka kwa magoti yake.

“Leo nitakipeleka mimi,” akasema.

“Mama, hiki ni cha mukono wangu.”

“Mukono gani? Ule wa duka?”

Mukandayisenga alikishika, hakukiacha. Straton alikuwa ameshachutama kando ya Bihogo, amewapa mugongo. Naye alishapita pa duka, akaiona picha.

“Ulikaa chini ya ngombe?” akauliza, bila kugeuka.

“Nilikaa na kisabo. Mukono wa picha haiko wangu.”

Bihogo akapiga mukia. Kisha Straton akanyoosha mukono nyuma.

“Leta, bibi. Ile ngombe ya picha iko na mafuta sana. Yangu inakonda, mutu asiseme ni ile.”

Kamaliza akaachia. Mukandayisenga akakileta, akasimama pale akisikiliza maziwa yanavyoingia. Ilikuwa kidogo, kidogo kuliko jana.

Straton hakumurudisha kwao. Lakini mpaka mvua ilipoichana ile karatasi ya picha, kila Juma Pili Mukandayisenga alizunguka ku kilima kwenda misa, asipite pa duka, na kila magaribi alichungulia ndani ya chombo kabla ya mutu mwingine, aone kama maziwa inazidi kupunguka.