Mkono wa Mgeni Shambani Suma

"Mkono wa mgeni utaurudisha wapi, mama Tulia?"

Felista alimuuliza hivyo jirani yake Marita wakitoka kanisani, mbele za watu.

Leo ni Ijumaa asubuhi, kata ya Suma, wilayani Rungwe. Ukungu haujainuka. Siku nyingine saa hizi Marita, mjane wa miaka hamsini na miwili, angekuwa na kikapu mgongoni akichuma chai ya watu, kilo thelathini siku ikiwa njema. Leo ameinama kwenye maharage ya Felista. Anang'oa shina, anakung'uta udongo, analaza chini. Felista yuko mstari wa pili.

"Chai itanisubiri," anasema Marita. "Mvua haisubiri mtu."

Hapa wanawake huvuniana kwa zamu, katika kikundi. Ukija shambani kwangu, ukafanya kazi ukala chakula changu, nina deni la mkono wako. Siku yako nami naja. Fedha haiingii. Asiyerudisha mkono havuniwi tena.

Wiki tatu zilizopita ilikuwa zamu ya shamba la chini la Marita. Nyumbani alikuwa na mgeni, Kwamboka, mwanakwaya wa Kisii, Kenya, aliyekuja Tukuyu kwenye kongamano la kwaya. Wanawake walimwambia apumzike. Akafunga kanga kiunoni.

"Anang'oa huku anaimba," anakumbuka Marita. "Tukamtania, wewe umefuata magimbi yetu tu. Akasema hata kwao wanavuniana hivi hivi, wanaita risaga. Basi akala na sisi. Kesho yake akapanda basi kurudi kwao."

Jumapili iliyofuata ndipo Felista alipouliza. Yeye alitolewa kikundini mwaka jana. Alikaa na mama yake hospitalini Igogwe mwezi mzima, akashindwa kurudisha mikono ya wenzake.

"Mimi mlinitoa," aliwaambia pale pale. "Na huyu je? Au mkono wa Mkenya si mkono?"

Wanakikundi walicheka. Mmoja akasema Marita apande basi mpaka Kisii akavune. Kicheko kilipokwisha, wakakubaliana kwamba sheria ni sheria: shamba lake la juu lisiguswe mpaka alipe. Na maharage ya juu yameshakauka. Yakinyeshewa siku mbili tatu yanaota ndani ya maganda, na hayo ndiyo mboga ya nyumba na mbegu ya msimu ujao.

Marita alimwomba Mungu, kisha akampigia simu Kwamboka.

"Alicheka huyo! Akasema, 'Dada, mkono wangu mpe yule asiye na mtu shambani.' Nikamjua ni nani. Sikutaka awe yeye, lakini ndiye."

Kufikia adhuhuri shamba la Felista limekwisha. Wanakaa jikoni kwa Felista, wanakunywa chai.

"Ungempa mwingine," anasema Felista. "Mimi si wa kikundi."

"Kwamboka naye hakuwa wa kikundi."

"Watakubali?"

"Sijui. Nitawaambia kesho. Na nitawaomba wakurudishe, madeni yako uyalipe pole pole. Wakikataa, Kyala wa mbinguni ananiona, la juu nitalivuna peke yangu."

Ngurumo inasikika upande wa Mlima Rungwe. Felista anaweka kikombe chini, anafunga kanga kiunoni, anatoka. Haendi shambani kwake. Anashika njia ya kupandia shamba la juu, kwenye maharage ya Marita.