Gari la Shemeji Lililogoma Kuwaka

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, anapenda kufundisha, ingawa hajawahi kuwa mwalimu. Alifanya kazi ya ofisini Dar es Salaam miaka mingi, akastaafu na kitambi na sauti nzito. Tangu hapo kila tukikutana lazima nifundishwe kitu: namna ya kukata nyanya, namna ya kuegesha pikipiki, hata njia fupi ya kupanda mlima wetu wenyewe, mlima niliozaliwa juu yake.

Mimi ni fundi. Nina banda Kihonda, Morogoro mjini, natengeneza pampu za wakulima wa mpunga wa Dakawa, misumeno ya mbao na mashine za kukatia nyasi. Injini ndogo ndizo zinazonilisha. Shemeji anajua hilo, ila hulitaja kama mtu anayetaja ugonjwa wa ngozi. "Bado unashika spana?" huniuliza, halafu huniangalia kucha.

Jumapili ile tulikutana kwa mama, huku juu Uluguruni, ambako gari la shemeji halifiki. Waliliacha chini, wakapanda kwa miguu. Yeye alitangulia na fimbo aliyoinunua kwa ajili ya safari hiyo. Dada alimfuata na boksi kubwa kichwani.

"Shikamoo, shemeji," nilimsalimia.

"Marahaba," alijibu, macho yake yakiwa kwenye boksi. "Mwambie dada yako aliweke taratibu. Hicho ni chombo."

Chombo chenyewe kilikuwa gari la kuchezea la rimoti, refu kama mkono wangu. Halikuwa la betri kama yale ya watoto. Lilikuwa na injini ya kweli, ndogo kuliko ngumi, inayowashwa kwa kuvuta kamba na inayokunywa mafuta yake maalumu, ya rangi ya waridi, yenye harufu kali kama ya spiriti. Jirani yake mmoja alikuwa amehama nchi akamwachia. Sasa shemeji, mtu mzima mwenye wajukuu, alikuwa amelipandisha mlimani kutuonyesha. Na kama hiyo haitoshi, baada ya misa alisimama nje ya kigango akawatangazia wanakwaya kwamba saa nane wote waje uwanjani kwetu kuona teknolojia.

Wakaja. Huku kwetu mtu akikuambia kuna kitu cha kuona, unakwenda kukiona.

Shemeji alipiga goti uani, akamimina mafuta, akachomeka juu ya plagi kifaa chake cha kuwashia, kitu mfano wa kalamu nene chenye betri ndani, akavuta kamba. Kimya. Akavuta tena. Alivuta mpaka shati lake jeupe likamganda mgongoni. Kila baada ya mvuto alisimama kutueleza ni kwa nini haijawaka, na kila mara sababu ilikuwa mpya: baridi ya mlimani, urefu kutoka usawa wa bahari, unyevu, na mwishowe sisi, kwa kuwa tulikuwa tumelizunguka tukalinyima hewa. Wanakwaya wakarudi nyuma hatua tatu kwa adabu. Akachukua bisibisi akaanza kuzungusha skrubu za kabureta, hii kushoto, ile kulia, kama mtu anayetafuta stesheni redioni.

Kisha kamba yenyewe ikagoma. Haikuvutika hata kidogo. Akamwita mwanakwaya mmoja mwenye mabega amsaidie kuivuta kwa nguvu.

"Acheni," nilisema. "Injini imejaa mafuta. Mkivuta kwa nguvu mtavunja konrodi, ule mkono wa pistoni."

"Shemeji, hii siyo pampu ya mpunga," alisema, na akacheka kidogo ili wengine wacheke. Wawili walicheka.

Mama alikuwa ameketi barazani, miguu juu ya kigoda. Nyumba ile na mashamba yote mpaka mtoni ni ya ukoo wake, na yeye hana haja ya kupaza sauti. "Baba," alimwambia mkwewe, "mpe mwenzio aangalie."

Akanipa.

Hapa lazima niseme ukweli, ingawa sipendi. Nilifungua plagi, nikaigusisha kwenye chuma, nikaanza kutafuta cheche kama ninavyofanya kwenye pikipiki. Shemeji akaona. "Hii haina cheche," alisema, na safari hii alikuwa sahihi. "Plagi yake ina kijiwaya ndani. Kinapashwa moto mpaka kinakuwa chekundu, ndipo mafuta yanawaka. Huko bandani kwenu hamjafika huku."

Masikio yaliniwaka moto. Kukosolewa na mtu mwenye akili ni jambo la kawaida kazini. Kukosolewa na huyu, mbele ya kwaya nzima, ni kitu kingine.

Lakini alikuwa amenipa nilichohitaji. Kama kijiwaya kinapaswa kuwa chekundu, basi kionekane. Niliigeuza plagi kwenye mwanga, nikatazama ndani. Waya ulikuwa umekatika, ncha mbili nyeusi zikitazamana.

"Hii imeungua," nilisema.

"Haiwezekani. Ni ya kiwandani."

Dada, aliyekuwa akimenya karoti pembeni, alisema bila kuinua kichwa: "Juzi nyumbani aliiunganisha na betri ya pikipiki. Ikalia paf."

Shemeji alimtazama mkewe kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Kijiwaya chembamba kama unywele, na bwana mkubwa amekipiga volti kumi na mbili. Alikuwa anajua. Nusu saa nzima alitulaumu kwa kumaliza hewa, na alikuwa anajua.

Ndani ya boksi kulikuwa na plagi ya akiba. Niliichomekea kile kifaa chake, nikaiweka kivulini. Kijiwaya hakikuwa chekundu.

"Umekichaji hiki?" nilimuuliza.

"Kinachajiwa?"

Kitabu cha maelekezo kilikuwa humohumo kwenye boksi, bado ndani ya nailoni yake. Nilikichana nikasoma. Kilisema volti moja na nusu, basi. Nikaenda barazani kwa mama. Redio yake ilikuwa ikiimba nyimbo za Jumapili. Nikamwomba betri moja, lile jiwe kubwa la kizamani. Aliizima redio mwenyewe, akalitoa akanipa. Nilibana nyaya mbili kwenye betri kwa mpira, nikazigusisha kwenye plagi, na kile kijiwaya kikawaka, rangi ya machungwa, safi kabisa. Wanakwaya wakasogea tena.

Kabla ya kuifunga plagi nililipindua gari juu chini, nikavuta kamba kuyatoa mafuta yaliyojaa. Nilimwambia shemeji asogee. Hakusogea, alikuwa akinieleza jambo kuhusu mgandamizo. Mafuta ya waridi yakaruka yakamchora kutoka kola mpaka mshipi.

Nikarudisha skrubu zote kama kitabu kilivyosema, nikihesabu mizunguko. Nikafunga plagi, nikashika nyaya, nikavuta. Mvuto wa tatu injini ikalia, kelele kali nyembamba kama nyuki elfu ndani ya debe. Kuku wa mama wakapotelea kwenye migomba. Wakati huo nilisahau shemeji yupo. Nilizaliwa kwa ajili ya sauti hizo.

Hakusema asante. Alinyakua rimoti, akalipeleka gari uwanjani, akalikimbiza huku na huku mpaka mafuta yakaisha. Nilipokuwa nikinawa mikono nilimsikia akiwaeleza watu kuhusu volti, na kwamba kosa la wengi ni kutosoma maelekezo.

"Mwache tu," dada aliniambia, akinimiminia maji. "Mimi nimezoea."

"Wewe umezoea. Mimi sitaki kuzoea."

Alicheka kwa sauti ndogo, akaendelea kumimina.

Wiki chache baadaye dada alinipigia. Shemeji sasa yuko kwenye kikundi cha wazee wenzake wenye magari kama hayo, na mmoja wao injini yake inazimika ikipata moto. Shemeji amewaahidi msaada. Amewaambia kuna fundi mmoja Morogoro anamfahamu.

"Fundi mmoja," nilisema.

"Ndivyo alivyosema."

"Hakusema ni shemeji yake? Hakusema ni mwanamke?"

"Hakusema."

Nikamwambia dada wamlete huyo mzee Kihonda na injini yake, nitaiangalia. Shemeji abaki Dar.