Ukungu Una Masikio

Utotoni mwangu, kwetu, jina la mtu halikutamkwa ndani ya ukungu. Kijiji chetu kilikuwa milimani juu ya Mgololo, na miezi ya baridi ukungu ulishuka mchana kweupe, ukafunika mahindi, mbuzi na njia ya kisimani. "Ukungu hauna macho," bibi mzaa baba alituambia, "ila una masikio. Ukisikia unaitwa humo ndani, nyamaza. Anayekuita si wa kwenu." Hakusema ni nani. Angesema, labda tusingeogopa kiasi kile.

Hayo yamenirudia hapa Ilomba, ninakoishi sasa, kwa sababu ya katuni. Binti yangu Neema, mwenye miaka sita, ameshikwa na filamu moja ambayo msichana anaingia kwenye ukungu, anaita, na anayetoka ni mnyama mweupe mkubwa kama lori, mwenye manyoya kama sufi. Akipiga chafya, maua yanaota mgongoni mwake. Hamli mtu. Anambeba msichana hadi kwao, basi. Hakuna vita wala jambazi. Watu wanakunywa supu, mvua inanyesha, mnyama analala. Nikirudi kutoka sokoni miguu inawaka moto, nakaa kidogo nipumzike, na mara nyingi nimejikuta nimetazama hadi mwisho. Ila pale msichana anapoita, kila mara naipunguza sauti.

Mdogo wangu Tumaini alikuwa na umri wa Neema siku aliyopotea. Tulikuwa tunaokota kuni kwenye misonobari, ukungu ukatushukia. Nilipomaliza kufunga mzigo wangu na kuinua kichwa, wake ulikuwa chini, sweta lake juu yake, mwenyewe hayupo. Sikumwita. Nilikimbia nyumbani na lile sweta mkononi.

Baba alikuwa ndiyo kwanza ametoka kazini. Aliliangalia sweta, akaelewa. Baridi ya kule ilishaua ndama wetu wawili ndani ya zizi. Mtoto mwenye gauni tupu asingeiona asubuhi. Bibi akamzuia mlangoni.

"Usimwite kwa jina."

"Nimwiteje, Mama? Nimpigie mluzi kama mbwa?"

Akatoka na majirani, wakashuka msituni wakimwita kwa kupokezana. Tumaini, Tumaini. Jina liligonga mlima na kurudi likiwa si sauti ya baba tena. Nilisimama na bibi ukingoni mwa shamba. Nilichoogopa zaidi ya baridi ni kwamba wanamgawia kila mwenye masikio jina la mdogo wangu, na hakuna aliyekuwa akijibu.

Mwanga ulipoanza kupungua, bibi aliingia ndani akatoka na lile jembe bovu lisilo na mpini. Tulilijua. Alilining'iniza kwa kamba na kuligonga kwa jiwe kila alipotuita kutoka shambani tuje kula. Akashuka nalo hadi walipo watu.

"Nyamazeni nyote," alisema, akaanza kugonga.

Aligonga kwa muda mrefu. Kisha magugu yakatikisika nyuma ya baba, karibu sana kiasi kwamba angeweza kumshika, na Tumaini akatoka akitambaa, midomo imekuwa ya kijivu.

"Ulikuwa wapi?" baba akauliza.

"Hapo. Walikuwa wananiita wengi. Nikajificha."

Baba alimfunga ndani ya koti lake, akamtazama bibi. "Mama, umeona ulichomfundisha?"

"Nimeona," bibi akasema. "Mpeleke akanywe uji."

Nimezaa, nimelea, na bado sijaweza kuwaamulia wale wawili. Onyo lilikaribia kumuua mtoto. Jembe lilimwokoa. Vyote viwili vilitoka kwa bibi mmoja, na vyote viwili Tumaini alivitii kwa sababu alimpenda.

Mwezi uliopita Tumaini alikuja kututembelea kutoka Mlandege, anakoishi sasa. Alikaa mkekani na Neema wakaitazama ile katuni. Mnyama alipopiga chafya, Tumaini alicheka hadi akajifuta macho.

"Dada, laiti huyu ndiye angenikuta siku ile."

"Ungejificha tu."

"Ningejificha, ndiyo." Akamvuta Neema mapajani. "Ila muda wote ule pale chini nilikuwa nafikiria meno ya huyo wa ukunguni. Hakuna aliyewahi kuniambia anaweza kuwa na manyoya."

Nilikwenda jikoni kuangalia ugali ambao haukuhitaji kuangaliwa.

Siku hizi ukungu ukishuka kutoka mlimani, Neema husimama kibarazani akiuchungulia. Juzi aliniuliza, "Mama, nikiingia humo nimwite?" Sikumwambia una masikio. Sikumwambia hauna. Nilimwambia, "Ukipotea, simama ulipo usikilize," nikachukua mfuniko wa sufuria na mwiko nikamwonyesha mlio wenyewe.

Tangu hapo ndivyo ninavyomwita kula. Jirani yangu hunitania, "Mama Neema, umeajiriwa kugonga kengele ya kanisa?" Namwambia chakula kinapoa. Mtoto huja mbio kutoka alikokuwa, anauliza kama katuni ipo. Wakati mwingine anachelewa kidogo kwenye kona, na mkono wangu unaanza kuuma. Siupumzishi. Napiga hadi nimwone.