Kuketi Kulikonishinda

Mimba mbili zilikuwa zimeshatoka. Ya tatu ilipoingia, nesi wa misheni alinishika mkono akaniambia neno ambalo sikuwahi kuambiwa na mtu mzima yeyote: nikae. Nisichote maji, nisilime, nisipande mlima na mzigo kichwani. Nikae tu. Nikaitikia ndiyo, kisha nikatoka pale dispensari mbio mbio, maana mwendo mwingine sikuwa nao.

Sijui kukaa. Hata sasa ninapoandika haya nimeshainuka kwenda kutazama chungu, na chunguni hamna kitu. Kwetu walisema mama alinizaa akiwa njiani, nami nikaendelea na safari. Nilipoolewa kijijini Ndama, kwa watu wa migomba na kahawa, tabia hiyo ilinipa sifa. Nani asiyemtaka mkwe anayefika shambani umande haujakauka? Mama mkwe alinisifu kwa majirani mpaka nikaona haya. Sasa nikae, niwaambie nini? Mimba changa kwetu haitangazwi, na mimi baada ya zile mbili niliogopa hata kuiwaza kwa sauti. Mume wangu alikuwa Bukoba, kibarua kwenye maghala ya kahawa. Nilikuwa na siri, na jembe, na miguu iliyokuwa ikiwasha.

Basi nikajidanganya kwamba kwenda mjini Kayanga kununua uzi si kazi, ni kupumzika. Dukani alikuwapo mke wa mwenye duka, mama wa Kihindi, mnene, mpole, mwenye macho ya kuona sana. Siku hiyo alinikuta nasubiri mumewe afungue jora la kitambaa cha amerikani, nami natembea barazani kwake, naenda narudi, mkono uko tumboni. Akanitazama toka kichwani hadi miguuni.

"Wewe yoga," akasema.

Damu ilinichemka. Kwa Kinyambo, lugha yetu ya nyumbani, ukimwambia mtu "yoga" umemwamuru akaoge. Na nilikuwa nimeoga! Nikauacha uzi pale pale, nikaenda zangu nikimtukana kimoyomoyo njia nzima. Nyumbani nikajisugua kwa jiwe la miguu mpaka ngozi ikalalamika, na safari iliyofuata nikajipaka sabuni ya harufu iliyokuwa imefichwa kwa ajili ya Krismasi. Nikasimama mbele yake nanukia duka zima. Akatabasamu. "Wewe yoga," akarudia. "Tumbo taka yoga."

Nililia mbele za watu. Yeye akashangaa, akanivuta chumba cha nyuma kilichokuwa na magunia ya chumvi na mkeka, akaketi akakunja miguu, akaninyooshea kidole niketi vile vile.

"Funga macho. Pumzi ingia, wewe tazama. Pumzi toka, wewe tazama."

"Halafu, mama?"

"Hakuna halafu."

Sijawahi kupewa kazi ngumu kama ile. Nilivuta pumzi ya kwanza, ya pili ikanikuta niko shambani nafukuza kuku kwenye kahawa iliyoanikwa. Nikajirudisha, nikajikuta Bukoba nagombana na mume. Nikajirudisha tena, kwa hasira, nikijigonga goti. Yule mama alinishika mkono. "Akili enda? Wewe ita. Usipige," akasema. Siku nyingine alinifundisha kulaza mgongo na kuweka miguu juu ya gunia, na kufumba mdomo nikitoa pumzi kwa mvumo wa chini, mmmm, mpaka kifua kitetemeke. Tena akaniuliza nyumbani nafanya kazi gani ya kukaa. Nikamwambia kumenya ndizi. "Basi menya. Kichwa kaa ndizi hii, si ndizi ile."

Ndizi hii, si ndizi ile. Nilijaribu. Nilipofika ndizi ya tatu nilikuwa nimekwisha kuipika, kuipakua na kuosha vyombo, yote kichwani. Lakini mara moja moja niliiona kweli: utomvu kwenye kidole, kisu kikipita chini ya ganda. Moyo ulitulia kidogo, kisha ukakumbuka kuogopa.

Mchana mmoja nilijifungia chumba cha ndani nikaketi nikavuma. Mama mkwe alirudi mapema kutoka shambani, akasukuma mlango.

Ni lazima nieleze alichokiona. Mama mkwe wangu alibatizwa akiwa mtu mzima, na hakuna alichokipenda duniani kama meza ya Bwana. Jumapili ya ushirika alianza kuiandaa nguo yake tangu Ijumaa. Lakini alikulia kwenye nyumba za zamani, ambamo roho za wakubwa waliokufa zilimpanda mtu, akaketi kimya, macho yamefumbwa, akinguruma. Alichokiona chumbani mwake ni hicho. Nilisikia magoti yake yakigusa nyasi za sakafuni. Alipiga makofi ya taratibu, ya heshima, kisha akaweka mbele yangu kahawa ya kutafuna, akamwani, tunayompa mgeni akifika.

"Karibu, mkubwa," alisema. "Umekuja kwetu. Unataka nini?"

Ningeweza kucheka. Ningeweza kufumbua macho nikasema, shikamoo mama, ni mimi. Lakini swali lile lilinizuia. Tangu niingie nyumba ile niliulizwa maji yako wapi, kuni ziko wapi, mimba mbona zinatoka. Ninachotaka sikuulizwa kamwe. Ilibidi kwanza niwe roho.

"Nataka huyu binti akae," nilisema kwa sauti nzito. "Asichote maji. Asilime. Mpaka azae."

"Azae?" akauliza, na hakuuliza kwa sauti ya kuuliza roho.

"Azae," nikajibu, nikaendelea kuvuma kwa sababu sikujua namna ya kumaliza.

Tangu siku hiyo alininyang'anya mtungi na jembe, akanikalisha. Wasomaji wanaodhani nilifurahi hawajawahi kukaa. Miguu iliruka yenyewe usiku. Nilizihesabu nyasi za paa, nikagombana na nzi, nikamchukia kila mwanamke niliyemsikia akipita na mtungi. Nilipokosa kabisa pa kukimbilia, nilirudi kwenye pumzi, si kwa utulivu, kwa kushindwa.

Habari ikavuja. Wake wa majirani wakaanza kuja na kahawa zao za kutafuna, kila mmoja na shida yake: mume asiyerudi, ng'ombe aliyepotea, shingo inayouma. Niliwaambia hakuna roho, kuna pumzi tu. Wakasema ndiyo, ndiyo, wakaketi wakisubiri roho ianze kunena. Basi nikawafundisha hivyo hivyo walivyoketi. Mmoja alisinzia akakoroma, akaamka akasema hajalala vile tangu aolewe. Kesho yake akaleta dada zake. Hao ndio wanafunzi wangu wa kwanza, na walikuja kutafuta mganga.

Mzee wa kanisa naye akaja, akiwa amevaa koti lake la Jumapili siku isiyo Jumapili. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeona damu kidogo kwenye nguo. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nimelala nimeweka miguu juu ya gunia kwa hofu, nikimsikia akizungumza sebuleni: nyumba hii imerudia mambo ya giza, Jumapili mkwe asimame mbele ya kusanyiko atubu, la sivyo atatengwa. Kanisa lilikuwa ng'ambo ya mlima. Nikainuka kwa kushika ukuta, nikatokea mlangoni.

"Shikamoo, mzee. Hakuna roho. Nilikuwa napumua tu."

"Kila mtu anapumua," alisema. "Wewe unapumua kwa namna gani hata watu wakuletee kahawa?"

Mama mkwe alikuwa ametazama nguo yangu. Akasimama katikati yetu.

"Kahawa niliweka mimi," akasema. "Magoti nilipiga mimi. Nitengeni mimi. Mkwe wangu hapandi mlima."

Mzee alimkumbusha kwamba aliyetengwa hafiki meza ya Bwana. Mama mkwe alimjibu kwamba anaijua ilipo.

Mzee alipoondoka, mama mkwe alinirudisha kitandani, akaniinulia miguu juu ya gunia kama alivyoniona nikifanya. Nikamuuliza kama kweli aliamini nilipandwa na roho.

"Roho huomba mbuzi," alisema. "Sijapata kusikia inayoomba mtu asichote maji." Akakaa kando yangu. "Mimi nimezika watoto watatu. Wengine hawakufikia hata kuzikwa. Na kila siku nilichota maji, mwanangu. Nani angeniambia kaa?"

Damu ilikoma. Sijui ni pumzi, au gunia, au yeye. Nilimchukia Mungu na kumshukuru ndani ya siku ile ile.

Binti yangu alizaliwa kahawa imeiva. Siku ya ubatizo niliupanda mlima mwenyewe, naye mama mkwe akitembea nyuma yetu. Mlangoni hakufuatana nasi mbele. Alikwenda kwenye benchi la mwisho, la waliotengwa, akakunja mikono juu ya nguo aliyoiandaa tangu Ijumaa. Maji yalipomgusa mtoto alipiga ukelele uliojaza kanisa, na mchungaji akanirudishia ili nirudi mahali pangu.

Sikurudi. Nilishuka katikati ya mabenchi mbio, mtoto analia, kitenge kinafunguka, mzee wa kanisa amenitolea macho. Nikamweka mapajani mwa bibi yake. Kisha nikaketi pale kando yake, kwenye benchi lile, mpaka ibada ikaisha.