Sola ya Upande wa Barabarani

Mtaani walimwita Mama Vifaranga, na hakuna aliyemwita hivyo kwa kumdharau. Alikuwa na mashine ya kuangulia mayai, kabati la mbao lenye dirisha la kioo na balbu za joto ndani. Mtu akiwa na jogoo mzuri na mitetea miwili mitatu, alikusanya mayai yake, akayatia alama kwa penseli, akampelekea. Baada ya wiki tatu alirudi na boksi kuchukua vifaranga. Biashara yote ilisimama juu ya jambo moja: watu waliamini kwamba mayai yao yakishaingia kwa yule mama, hayapati baridi.

Na baridi ilikuwa inajaribu kweli. Umeme ulikatika bila hodi, saa yoyote unayoitaja. Ukikatika, yeye hakupoteza muda kuwatukana wenye umeme. Alibandika sufuria la maji, akajaza chupa za plastiki, akazipanga kabatini pembeni mwa mayai, kisha akalifunika kabati kwa blanketi la kitandani kwake. Maji yakipoa, anabadilisha. Alifanya hivyo miaka nenda miaka rudi, macho yamemvimba kwa kukosa usingizi, na vifaranga vya watu vikatoka.

Mumewe alikuwa fundi wa breki kwenye gereji ya mtaa wa pili, na jina likawa hilohilo, Breki, ingawa mdomo wake haukuwa nazo. Tumpe haki yake kabla hatujamsema: sola aliinunua kwa ajili ya mkewe. Aliuza pikipiki yake, kitu alichokipenda kuliko ndugu zake wengi. "Sitaki tena kukuona unahangaika na machupa," alimwambia, na mwanamke wa watu akalia. Ndiyo maana yaliyofuata yanakera zaidi. Mtu angekuwa mbaya moja kwa moja, ungejua pa kumweka.

Muuzaji alikuwa binamu yake Breki, bwana mmoja mwenye shati safi na ulimi wa asali. Alikaa sebuleni, akanywa chai vikombe viwili, akamwaga sera.

"Shemeji, hii inabeba nyumba nzima."

"Na mashine yangu?" Mama Vifaranga aliuliza. "Ile haizimwi, shemeji. Mchana kutwa, usiku kucha."

"Nyumba nzima, shemeji. Mashine si iko ndani ya nyumba?"

Siku ya kufunga, binamu alipanda juu ya bati, akazungukazunguka, akashuka akisema paneli zikae upande wa nyuma, kwa sababu huko jua linapiga siku nzima. Upande wa mbele, alisema, ghorofa la jirani linatupa kivuli kuanzia mchana. Breki akamtazama kama mtu aliyetukanwa.

"Nyuma? Nyuma nani ataziona?"

Akataka zikae mbele, barabarani, kila mpita njia azione. Na binamu, ambaye alijua fika anachokifanya, akakuna kichwa, akasema mteja ni mfalme, akazifunga kwenye kivuli. Alikuwa na nyumba nyingine ya kwenda kufunga jioni ile. Huyo naye sina neno zuri kwa ajili yake.

Haikutosha. Wiki hiyohiyo Breki akaenda ofisi ya umeme kuomba akatiwe. Watu wengine hujificha chooni wakisikia wakataji wamefika, yeye aliwafuata. Aliwaambia mbele ya foleni nzima waje wachukue waya wao, amechoka kuwabembeleza. Mkewe alimsihi auache angalau kwa tahadhari. Alimjibu kwamba mwenye sola hana haja ya kupiga magoti kwa mtu. Waya ukashushwa, yeye amesimama chini akiwaelekeza mafundi kana kwamba amewaajiri.

Miezi ya jua kali ilimpa kiburi. Taa ziliwaka, simu zikachajiwa, redio ikaimba, televisheni ikaonyesha mpira huku majirani wako gizani. Mashine nayo ikafanya kazi yake. Mama Vifaranga akaanza kulala usingizi mzima, jambo alilokuwa amelisahau. Zile chupa akaziweka nje, wauza mafuta ya taa wakazichukua.

Tusiisingizie sola. Kile inachoweza, inakifanya vizuri sana. Lakini paneli haiumbi umeme kwa maombi. Inatoa kadiri ya jua lililoigusa, na betri inatunza kile ilichopewa mchana, haikopeshi. Taa ni mlaji mdogo. Kitu chochote cha kutoa joto, iwe pasi, jiko au balbu za kuangulia mayai, ni mlafi. Siku Breki alipochomeka pasi anyooshe shati, nyumba nzima ilizima puu. Akasema ni pasi mbovu. Akaitupa.

Halafu mawingu yakaja. Hayakuwa mvua ya maana, ni yale mawingu mazito ya kijivu yanayokaa siku nyingi juu ya mji bila kusema yanataka nini. Asubuhi paneli zilipata mwanga kidogo, na mchana ghorofa likamalizia. Kabatini kulikuwa na mayai ya majirani saba, siku chache kabla ya kutotoa. Ukiyamulika kwa tochi uliona vifaranga vinajigeuza.

Jioni ya mpira, Breki alialika gereji nzima. Walijaa sebuleni, viatu mlangoni, kelele mpaka barabarani. Katikati ya mchezo kisanduku cha betri kikaanza kulia kwa kuishiwa chaji: pii, pii, pii. Breki akainuka, akabonyeza kitufe akazima mlio, akarudi kukaa. Mama Vifaranga akatoka jikoni, akaona taa nyekundu.

"Baba, hebu zima televisheni. Betri inakwisha, na mayai yana—"

"Mama, usituletee uchuro!" Breki alicheka huku akiwatazama wageni. "Hii sola haishindwi na mpira. Chai iko wapi?"

Wageni nao wakacheka. Mama Vifaranga alisimama na kitambaa chake mkononi, hasira imempanda hadi kooni, akaimeza. Hakutaka kumwaibisha mwanamume mbele ya watu wake wa kazini. Akarudi jikoni. Mpira ulipokwisha na wageni kutawanyika, alichungulia kabatini, akaona balbu bado zinawaka, akaenda kulala.

Asubuhi kioo cha kabati kilikuwa baridi kama sahani. Alichemsha maji, akaomba chupa kwa jirani, akafunika kwa blanketi, akakaa palepale sakafuni. Siku ya kutotoa ikafika, ikapita. Hakikusikika kilio hata kimoja ndani ya ganda. Akayatoa mayai yote, akayatia kwenye beseni, akaliweka mezani mbele ya mumewe.

"Pasua."

"Mama—"

"Pasua, nimesema."

Breki akapasua moja. Kifaranga kilikuwa na manyoya tayari. Akapasua la pili, akalirudisha kwenye beseni.

"Ni mawingu haya, mke wangu," alisema kwa sauti ndogo. "Mwaka huu yamezidi."

"Mawingu ndiyo yaliyoshika rimoti? Mawingu ndiyo yaliyokata waya?" Hakuwahi kumpigia kelele hivyo tangu waoane. "Uliniletea zawadi, ukainyang'anya uionyeshe barabarani! Haya, beba beseni. Kila geti utaongea wewe. Na uniambie tena mawingu, utaona."

Walianza kwa bibi wa nyumba ya kona, mteja wake wa kwanza kabisa, mama mtu mzima aliyewahi kumpa mayai kabla hata mashine haijaaminika. Breki aliweka beseni chini, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alisema jambo bila kulipamba. Alisema waya aliukata yeye, paneli aliziweka kivulini yeye, na mlio wa betri aliuzima yeye ili atazame mpira.

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mkewe, kana kwamba yule mwanamume ameshaondoka.

"Nimemsikia huyu. Lakini mayai sikumletea yeye, mwanangu. Nilikuletea wewe. Betri ilipolia, wewe ulikuwa wapi?"

Njia nzima Mama Vifaranga alikuwa amebeba hasira ya kuwatosha watu kumi, na sasa aliitafuta asiione.

"Nilikuwa napika chai," alisema.

Bibi akatikisa kichwa polepole, akamwomba amrudishie trei yake aliyoletea mayai, akafunga geti.