Shingo Mbili, Dawa Moja

Nakumbuka palizi moja, mwanangu, kwenye shamba la kijiji huku Handeni, nami ni bi harusi ambaye hata hina haijafutika vizuri. Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Kengele ikilia, wote jembe begani. Naandika ninavyokumbuka. Darasa la nne si elimu ya kujivunia, kwa hiyo nikikosea utanisahihisha.

Mama mkwe wangu, Bi Mwanahawa, alikuwa amepasuliwa rovu, ule uvimbe wa shingo, hospitali kule Korogwe. Walimwondoa tezi, wakampa vidonge vya kufanya kazi ya tezi ile, ameze kimoja kila asubuhi maisha yake yote. Akanawiri. Sasa jirani yetu, Mama Rehema, naye shingo yake ilikuwa imevimba vilevile, na Bi Mwanahawa hakustahimili kumtazama. Kizuri kula na mwenzio, ndivyo tulivyolelewa, na mikutanoni tukiambiwa hivyohivyo. Basi wakawa wanapokezana vidonge, leo huyu, kesho yule, siri yao wawili.

Palizi ndiyo iliyoonyesha. Mama Rehema akawa analima kama anayefukuzwa, jasho linamtiririka, mikono inatetemeka. Wanawake wakamtania, "Mama Rehema, ukimaliza la kijiji uje utulimie na ya kwetu." Mama mkwe yeye anasinzia juu ya mpini, kajifunika khanga mbili na jua lote lile. Mmoja akamwita kupe, yaani mvivu anayenyonya jasho la wenzake, jina baya sana siku zile. Simlaumu. Kwa macho tu hata mimi ningesema hivyo, na labda moyoni nilisema.

Mara Mama Rehema akaanguka kati ya mahindi. Niliweka mkono kifuani pake, moyo unakwenda mbio mpaka nikaogopa. Wengine walisema ni pepo. Balozi wetu wa nyumba kumi akampakia kwenye baiskeli, tukamshikilia huku na huku mpaka zahanati.

Tabibu, mzee mmoja mwenyeji wa Makuyuni, akauliza mgonjwa amekuwa akimeza nini. Mama mkwe, aliyekuja nasi, akasema, kwa sauti iliyokwisha kuanza kukwaruza, "Ni mimi, baba. Tunagawana vidonge vyangu. Niliona aibu kupona peke yangu."

Tabibu hakufoka. Alimtazama kwanza kovu la shingoni, kisha akamwambia, "Mama, mahindi gawaneni, chumvi gawaneni, hata moto wa jikoni. Hii haigawanyiki. Wewe huna tezi, unapungukiwa. Huyu tezi yake huenda inazidisha, nawe umemwongezea. Mngezikana kwa mapenzi."

Mama Rehema alipelekwa Korogwe kupimwa, ikawa kweli: shingo zilifanana, maradhi yalipishana. Akapewa dawa yake mwenyewe, akapata nafuu polepole. Aliyemsindikiza ni Bi Mwanahawa, kamshika mkono njia nzima. Usimwone mjinga, mwanangu. Kuna wanaokosea kwa uchoyo. Yeye alikosea kwa huruma.

Leo nawe umeandikiwa dawa ileile ya Bi Mwanahawa. Imeze asubuhi kabla hujala, kwa maji matupu, usubiri nusu saa au saa nzima ndipo unywe chai. Vidonge vya kuongeza damu na vya mifupa visikutane nayo, yapite kwanza masaa manne. Ukijisikia mzima usiiache. U mzima kwa sababu unaimeza, haba na haba hujaza kibaba. Ukisahau, usirundike viwili kufidia. Moyo ukienda mbio, au baridi na uchovu vikirudi, nenda ukapimwe, usijiongezee wala kujipunguzia. Ukishika mimba, waambie mapema. Mengine muulize daktari wako, mimi najua haya tu.

Na akija mwenzio mwenye shingo kama yako, usimpe kidonge. Mtafutie nauli, mwende pamoja. Mungu akutunze, akupe moyo wa kutoa, na akuonyeshe kile kisichotolewa. Amina.