Karani alivyonihesabu mara mbili Jambiani: Muhindi mmoja, Mshirazi mmoja

Wakuu, nawasalimu nyote. Walio wadogo, shikamoo zenu nimeshazipokea kabla hamjazitoa.

Mimi humu ni msomaji tu. Mjukuu wangu ndiye aliyenifungulia akaunti, na kazi yangu imekuwa kusoma na kucheka peke yangu. Lakini juzi kuna uzi umenigusa. Nitakayoandika yalinipata mwenyewe, sikuhadithiwa, na pale nisipokumbuka vizuri nitasema sikumbuki.

Vijana walikuwa wanabishana nani alikaa wapi Unguja miaka ya hamsini. Mmoja kaweka na ramani kabisa, kaipaka rangi. Mji Mkongwe, Wahindi na Waarabu. Ng'ambo, watu wenye asili ya bara na Wangazija. Kwenye mikarafuu, Waarabu wenye mashamba na Wanyamwezi waliokuja kuchuma. Kusini na mashariki, Washirazi watupu, wenyeji wa visiwani.

Kijana, ramani yako nzuri, sikuvunji moyo. Kwa kiasi kikubwa umepatia.

Ila hapo kusini ulipopaka rangi moja, mimi nilikuwepo. Na mimi ni Muhindi.

Baba yangu, Mzee Rajabali, alikuwa na duka Jambiani. Mchele, mafuta ya taa, sukari, kanga, sindano. Duka lenyewe dogo, ukipiga chafya mbele wanakusikia uani. Kijiji kizima kilikuwa cha Washirazi, ukituondoa sisi na watu wachache wa bara waliokuwa wakichoma chokaa.

Mama yangu alinizaa, akaishi siku nane, akafariki. Mungu amrehemu.

Maziwa ya mbuzi nikayakataa. Ya kopo nikayatapika. Baba alikuwa anazunguka na mimi dukani, analia waziwazi mbele ya wateja.

Jirani yetu, Bi Mwanakhamis, alikuwa na mtoto wa miezi mitatu, Haji. Akaja, hakuuliza mtu, akanichukua mikononi mwa baba, akakaa juu ya gunia la mchele akaninyonyesha. Ziwa hili Haji, ziwa lile mimi. Akafanya hivyo miaka miwili.

Kwa wasiojua, hili kwetu si jambo dogo. Kwa dini yetu, mliyenyonya naye ziwa moja ni nduguyo. Hamuoani. Na aliyekunyonyesha ni mama yako.

Basi nikakulia kwake. Mchana nashinda dukani kwa baba, jioni narudi kwa Bi Mwanakhamis, niliyemwita Mama, kula na kulala. Dukani naitwa Shirin. Kwa Mama naitwa Mwanakheri. Sikuona ajabu yoyote, nilidhani watoto wote wana majina mawili.

Sasa tatizo lilikuwa mjini.

Baba alikuwa na dada yake, shangazi Kulsum, anakaa Mji Mkongwe. Marehemu mama yangu, kabla hajafa, alimuusia anilee mimi. Shangazi alitaka kunichukua tangu mchanga. Baba, kwa kuwa hakuweza kuachana na mimi, akamdanganya. Alimwambia nimelelewa kwa maziwa ya kopo, nalala kwake dukani, mambo yote sawa. Shangazi akamjibu: "Haya kaka, maadamu analala kwako. Siku nikijua vinginevyo, namchukua siku hiyo hiyo."

Kwa hiyo kila shangazi akija, kijiji kizima kinajua kazi. Naogeshwa, napakwa mafuta ya nazi, navalishwa gauni, napelekwa dukani. Mama anabaki kwake anasokota kamba za makumbi ya nazi kama vile hanijui. Wakuu, sisi tulikuwa na ushirikiano mkubwa wa kuficha mtoto kuliko wauza magendo.

Nilipofika miaka minane hivi, likaja zoezi la kuhesabu watu. Karani akatoka mjini na daftari kubwa na kaptura iliyopigwa pasi. Anaandika jina, umri, kabila, na nyumba mtu anayokaa.

Gari lililomleta ndilo lililomleta shangazi. Alisikia watu wanaandikwa, akaona lazima aje ahakikishe naandikwa sawasawa.

Karani akaanza kwa Mama. Mimi nilikuwa dukani nimeshavaa gauni. Mama akataja wanawe kama alivyozoea, mmoja mmoja, na Mwanakheri nikiwemo. Sijui kama alisahau, au hakuweza tu kuniruka. Sikuwahi kumuuliza, na hilo najuta mpaka leo. Karani akaandika: Mwanakheri, miaka minane, Mshirazi.

Kisha akaja dukani. Baba akataja: Shirin, miaka minane, Muhindi. Shangazi akaitikia kwa kichwa, karidhika.

Kesho yake asubuhi karani akakusanya watu mbele ya duka ahakiki. Anaita jina, unaitika, anatia alama. Mimi nimekaa mapajani kwa shangazi, ananisuka.

Akafika kwenye ukurasa wa nyumba ya Mzee Makame, mume wa Mama.

"Haji!"

"Naam!"

"Mwanakheri!"

"Labeka!"

Mimi huyo. Nimeitika kwa sauti ya juu kabisa, kama nilivyofundishwa.

Mikono ya shangazi ikasimama kichwani mwangu. Hakuna aliyecheka. Hata wale wachoma chokaa, watu wa mzaha siku zote, wakatazama chini.

Karani akafungua ukurasa wa nyuma, akarudi wa mbele. "We mtoto, jana si umeandikwa Shirin?"

Nikalishika gauni langu. Nilijua nimeharibu, ila sikujua nimeharibu nini.

Akasema mtu mmoja hawezi kukaa nyumba mbili, lazima moja aifute. Akamgeukia baba. "Mzee, huyu anakaa wapi hasa?"

Baba alikuwa na hofu ya Mungu. Kudanganya faraghani alishadanganya, lakini mbele ya watu wote na daftari limefunguliwa, alishindwa.

"Anakaa kwa mamake," akasema.

Shangazi akasimama. "Mamake yuko kaburini, kaka!"

Hapo Mama akatoka kundini. Alisema kwa Kikae, lugha ya kule kwetu, nami naiandika kwa Kiunguja cha mjini mpate kuelewa.

"Bibi, miye sikukwibia mtoto. Alikuwa anakufa, nkamnyonyesha. Ukitaka kumchukua, huyo, mchukue, weye ndo shangaziye. Lakini Haji ni nduguye, na miye mamake. Hata nsipomwona tena."

Mimi nikaanza kulia. Nikamshika shangazi buibui na nikamwangalia Mama, sikujua nikimbilie wapi. Nilikuwa na hakika jioni ile nitapandishwa gari.

Shangazi akauliza, polepole sana: "Ulimnyonyesha wewe?"

"Nlimnyonyesha miaka miwili."

Akamtazama baba. Baba akainamisha kichwa.

Shangazi alikuwa mtu wa dini kwelikweli. Alijua uzito wa neno hilo kuliko sote pale. Akasema, "Yuko wapi huyo Haji?" Haji akasukumwa mbele, miguu imejaa mchanga. Shangazi akamwekea mkono kichwani. Kisha akaenda akaketi chini kwenye mkeka, ubavuni kwa Mama, akaanza kulia. Mama naye akalia. Sisi watoto tukaona bora tulie wote.

Alipofuta uso akamwambia karani: "Mwandike kwa mamake. Hapa dukani mfute."

Karani akachovya kalamu. "Na kabila? Hapa kwa Mzee Makame nimeshaandika Mshirazi."

Shangazi akageukia baharini. Nadhani aliona ameshatoa vya kutosha.

Aliyejibu ni Mama. "Andika Muhindi, bwana. Ndivyo alivyozaliwa. Miye kunyonyesha nlinyonyesha, kumfanya mwengine skumfanya."

Basi ikaandikwa hivyo. Nyumba ya Mzee Makame: Washirazi sita, Muhindi mmoja.

Mwanangu uliyechora ramani, ukibahatika kuziona karatasi zile, ukakuta Muhindi mmoja katikati ya nyumba ya Washirazi kule Jambiani, usidhani karani alikosea. Pale alikuwa ameshasahihisha.

Shangazi aliondoka na gari la alasiri, peke yake. Baadaye nilipokua nilikwenda kukaa kwake mjini kusoma, lakini kwa ridhaa ya wote, na kila skuli ikifungwa narudi kwa Mama. Tangu hapo shangazi akija Jambiani alikuwa anafikia kwa Mama, si dukani. Baba akawa analalamika kwamba siku hizi hana dada.

Miaka mingi ikapita, yakatokea mengi visiwani ambayo si ya uzi huu. Mama alipofariki, nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wangu. Jamaa zake wakasema mwenye haki ya kumwosha ni binti yake mkubwa. Wakanisogezea birika.

Nikamwosha mama yangu. Aliyekuwa akinimiminia maji ni shangazi Kulsum, mzee sana, na hakukubali mtu ampokee.

Wakuu, watu wakianza kugawana visiwa hivi kwa rangi na asili, mimi naishiwa maneno, kwa sababu nashukuru kila upande. Namshukuru baba aliyeshindwa kudanganya mbele za watu. Namshukuru shangazi aliyekuwa na haki yake akaiachia. Na yule aliyekaa juu ya gunia la mchele bila kuuliza mtoto wa nani, huyo sina la kumlipa, namuombea tu.

Nilichojifunza: ukitaka kujua watu walikaa wapi, usiulize rangi zao tu. Uliza walikuwa wanakula kwa nani.

Kama nawe ulilelewa nyumba isiyofanana na sura yako, hapa Unguja au popote, sema hapa chini. Macho yangu mabovu lakini nitasoma zote. Na wewe wa ramani, njoo, sina ugomvi na wewe.